Mtu wa Katikati Ana Shilingi Ngapi?



Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni kwetu hapa Geita, pale zinapopaki bodaboda, nasubiri mvua ikatike. Ubishi ukaanza kama kawaida. Kijana mmoja wa chama tawala, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, akatoa simu akasoma kwa sauti: Tanzania ni nchi ya uchumi wa kati, kipato cha Mtanzania ni zaidi ya dola elfu moja kwa mwaka. Akamgeukia dereva mmoja wa makamo, akamwambia, "Sasa kaka, wewe unalalamika nini?"

Yule kaka akatoa hela zote zilizokuwa mfukoni, akazihesabu mbele yetu, akatenga hesabu ya bosi, akatenga ya mafuta. Zikabaki noti chache na sarafu. Akasema, "Mdogo wangu, kama mgao wangu ni dola elfu moja na kitu, basi niambie ni nani anakula ya kwangu."

Kijiwe kizima kikacheka. Rafiki yangu naye akacheka, akabadilisha mada, tukaingia kwenye mpira. Lakini mimi swali lile nimelala nalo wiki nzima. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia kwenye mijadala ya uchumi ya kwenye televisheni, na lina jibu. Leo nataka tulijibu pamoja, kwa sababu wengi wetu humu, mimi nikiwemo, tumekuwa tukipigwa kwa namba ambazo hatujui kuzishika.

Tulivyoingia uchumi wa kati

Turudi Julai 2020. Benki ya Dunia ilitoa orodha yake ya kila mwaka, Tanzania ikahamishwa kutoka kundi la nchi za kipato cha chini kwenda kundi la kipato cha kati, ngazi ya chini. Rais Magufuli akalipongeza taifa: Dira yetu ilipanga tufike huko 2025, na sisi tumefika miaka mitano kabla. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mnakumbuka mabango na nyimbo.

Sasa tuangalie tulifikaje. Kipato cha wastani cha Mtanzania kilihesabiwa kuwa dola 1,020 kwa mwaka 2018. Kwa mwaka 2019 kikahesabiwa dola 1,080. Mstari wa kuingia kundi la kati mwaka ule ulikuwa dola 1,036. Yaani tuliuvuka kwa dola 44. Dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300, kwa hiyo dola 44 ni kama laki moja kwa mwaka mzima, chini ya shilingi 280 kwa siku. Hela ya andazi na chenji kidogo. Na kundi lenyewe lilianzia dola 1,036 likaishia dola 4,045. Watu walisikia "kati" wakadhani tumekaa katikati ya ukumbi. Tulikuwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Jirani zetu Zambia wanaujua mlango huo vizuri. Julai 2022 Benki ya Dunia iliwashusha kurudi kundi la kipato cha chini. Julai 2023 ikawapandisha tena. Mchimbaji wa shaba wa Kitwe aliamka maskini, mwaka uliofuata akaamka mtu wa uchumi wa kati, na katikati ya hapo nyumba yake ni ileile na unga wake ni uleule.

Kenya nao Septemba 2014 walibadilisha mwaka wa kizio wa kupigia hesabu za uchumi wao, wakaingiza shughuli ambazo zamani hazikuhesabiwa vizuri. Kwa karatasi moja uchumi wao ukawa mkubwa kwa karibu asilimia 25, wakaitwa nchi ya kipato cha kati. Sisemi kwamba waliiba. Kubadilisha mwaka wa kizio ni kazi halali ya kitakwimu, sisi nasi tumewahi kuifanya, na shughuli zile kweli zilikuwepo. Ninachosema ni kwamba siku ile hakuna mama mboga wa Nairobi ambaye gunia lake liliongezeka kilo.

Kwa hiyo namba hii ipo, inapimwa kwa utaratibu unaojulikana, ila inapima kitu kingine. Inapima ukubwa wa chungu, kisha inagawa kwa idadi ya watu waliopo nyumbani, bila kuuliza nani alipakuliwa na nani alilala njaa.

Hesabu ya kijiwe

Turudi kijiweni. Tufanye pale kuna madereva tisa. Ukishatoa hesabu ya bosi na mafuta, kwa siku wanabaki na hivi: 6,000, 7,000, 8,000, 8,000, 9,000, 10,000, 10,000, 11,000 na 12,000. Jumla ni 81,000. Gawa kwa tisa, wastani ni 9,000. Sasa wapange kwa mstari kuanzia anayepata kidogo hadi anayepata zaidi. Aliyesimama katikati, wa tano, ana 9,000. Huyo wa katikati ndiye anayeitwa mediani. Nusu ya wenzake wako nyuma yake, nusu wako mbele. Hapa wastani na mediani ni kitu kimoja, hakuna ugomvi.

Sasa bosi anakuja kukusanya hesabu zake. Ana pikipiki 35 mjini, kila moja inamletea 10,000. Ukitoa matengenezo na vyombo vilivyolala gereji, tufanye anabaki na 319,000 kwa siku. Anakaa kwenye benchi na madereva wake, anaagiza soda. Mtakwimu anapita, anawahesabu wote kumi. Jumla ni 400,000. Wastani ni 40,000 kwa siku!

Angalia hapo. Watu kumi, tisa kati yao wako chini ya wastani, na aliye juu kabisa kati ya madereva hafikii hata theluthi ya huo wastani. Lakini ukiwapanga kwa mstari na kutazama katikati, kati ya mtu wa tano na wa sita, unapata 9,500. Mediani imesogea shilingi mia tano tu. Imekaa pale walipo watu.

Hapa ndipo panauma zaidi. Mwaka unaofuata bosi anapandisha hesabu kwa elfu moja na kununua pikipiki nyingine. Kila dereva pale kijiweni sasa anapungukiwa shilingi 1,000 kwa siku. Bosi ameongeza laki moja. Jumla ya madereva imeshuka hadi 72,000, bosi amefika 419,000. Wote kumi kwa pamoja wana 491,000, wastani 49,100. Taarifa inatoka: kipato cha kijiwe kimekua kwa zaidi ya asilimia 22! Makofi. Na mediani? Imeshuka kutoka 9,500 hadi 8,500.

Wastani umepanda, na kila dereva, bila kumwacha hata mmoja, amekuwa maskini zaidi. Hakuna aliyedanganya kwenye hesabu. Kila namba ni ya kweli. Ndiyo maana namba hizi ni hatari kuliko uongo wa kawaida: uongo unaweza kuukamata.

Sasa Tanzania yenyewe

Mtasema bodaboda ni mfano wa kutunga. Sawa, twende kwenye namba za serikali.

Chukua dola 1,080 zile za 2019. Kwa shilingi 2,300 ni kama milioni 2.48 kwa mwaka, au 207,000 kwa mwezi kwa kila kichwa, kuanzia kichanga hadi bibi kizee. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulikuta kaya ya Tanzania Bara ina wastani wa watu kama 4.6. Zidisha: kaya ingekuwa na kama 950,000 kwa mwezi. Sasa utafiti uleule, ulioenda majumbani kuuliza watu wanatumia nini, ulikuta matumizi ya kaya kwa mwezi ni shilingi 416,927. Hata nusu haifiki.

Iliyobaki iko wapi? Tuwe wakweli, siyo yote imeibiwa. Pato la nchi lina faida za makampuni, lina mapato ya serikali, lina madaraja na mitambo, na tafiti za majumbani nazo huwakosa matajiri, kwa sababu mwenye geti na mbwa hakai saa mbili na karani kuhesabu matumizi yake. Miaka nayo inapishana kidogo. Lakini hilo ndilo jibu la kwanza kwa kaka wa bodaboda: dola ile unayosomewa haikuwahi kupangwa ipite mfukoni kwako. Na kumbukeni, hiyo 416,927 nayo ni wastani! Ndani yake mmechanganywa Masaki na Ukerewe.

Utafiti huohuo uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi: shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama 1,644 kwa siku, chakula na mengine yote humo humo. Watu 26 kati ya 100 walikuwa chini ya mstari huo. Vijijini walikuwa 31.

Tupige na hesabu ya dola, lakini ile dola iliyorekebishwa kwa bei, maana elfu mbili ya Geita inanunua zaidi ya inavyonunua London. Kwa vipimo vya Benki ya Dunia vya 2018, karibu Watanzania 45 kati ya 100 walikuwa wanaishi chini ya dola 2.15 kwa siku, na kama 74 kati ya 100 chini ya dola 3.65. Sasa fikirini wenyewe. Ukiwapanga watu 100 kwa mstari, wa 45 ana 2.15 na wa 74 ana 3.65. Wa 50 yuko wapi? Yuko katikati ya hapo, na yuko karibu zaidi na 2.15. Kwa dola hizohizo zilizorekebishwa, wastani wa pato la taifa kwa kichwa ulikuwa zaidi ya dola 2,500 kwa mwaka, kama 7 kwa siku. Saba kwenye bango. Kwa mtu wa katikati, mbili na kitu au tatu.

Huyo ndiye Mtanzania. Ukimtaja Mtanzania kwenye hotuba, mtaje huyo.

Nchi za wenzetu

Kama unadhani ni ujanja wa bongo tu, tazama Guinea ya Ikweta. Ilipata mafuta miaka ya 1990, nchi yenyewe ndogo, watu wachache. Pato likipigiwa hesabu kwa kichwa likawa kati ya makubwa kabisa Afrika, na kwa miaka kadhaa Benki ya Dunia iliiweka kundi la kipato cha juu, meza moja na nchi za Ulaya. Utafiti wa kaya wa 2006 ulikuta zaidi ya watu 70 kati ya 100 wako chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Rais ni yuleyule tangu 1979. Ukilinganisha nchi kwa wastani, wale walikuwa wanatuacha mbali sana. Ukienda kupanga foleni ya zahanati, ungejiuliza mara mbili.

Marekani nayo ina somo lake. Mwaka 2023 pato la Marekani kwa kichwa lilikuwa kama dola 82,000. Kwa mwaka huohuo ofisi yao ya sensa ilitangaza kwamba kaya ya katikati, kaya nzima siyo mtu mmoja mmoja, ilipata dola 80,610. Kaya moja imepata chini ya kile ambacho wastani unadai ni cha mtu mmoja!

Kwenye mali ni balaa zaidi. Ripoti ya utajiri ya Credit Suisse na UBS iliyotoka 2023 ilionyesha mtu mzima Marekani ana mali za wastani wa zaidi ya dola 550,000 ukishatoa madeni. Mediani ilikuwa kama dola 107,000. Ubelgiji wastani wao uko chini ya Marekani kwa mbali, lakini mediani yao ilikuwa karibu dola 250,000. Kwa hiyo ukiuliza nchi gani tajiri zaidi kati ya hizo mbili, jibu linategemea unamuuliza nani: bilionea, au jirani yako.

Ila kuna jambo moja Marekani wanatuzidi hapa. Kila Septemba ile ofisi yao ya sensa inatoa ripoti ya vipato, na namba inayotangulia mbele ni mediani. Chama kilichopo madarakani kipende kisipende, rais anaulizwa kwa kipato cha kaya ya katikati. Sisi viongozi wetu tunawauliza kwa nini?

Nami nilishaumbuka

Kabla hatujawanyooshea wengine kidole, nikiri kosa langu. Mwaka uleule wa 2020, wakati wenzetu wanasherehekea, mimi niliposti picha: kipato cha Mmarekani upande mmoja, cha Mtanzania upande wa pili, na maneno makali chini yake. Ikasambaa, nikajiona mchambuzi. Kesho yake yule rafiki yangu wa chama tawala akanijibu mbele ya watu wote: "Hicho cha Marekani ni cha kaya, hicho chetu ni cha mtu mmoja. Hata hesabu za darasa la sita?" Alikuwa sahihi. Nikafuta, na aibu ikabaki.

Tangu siku hiyo nina masharti, na nawaomba myachukue kabla hamjaposti chochote kinacholinganisha nchi na nchi.

Kwanza, wastani kwa wastani, mediani kwa mediani. Ukichukua mediani yetu ukaiweka karibu na wastani wa Kenya, umedanganya, hata kama roho yako ni safi.

Pili, kichwa kwa kichwa, kaya kwa kaya. Nilishaeleza kilichonikuta.

Tatu, uliza ni dola gani. Ya duka la kubadilishia fedha au iliyorekebishwa kwa bei? Mtu anayekwambia Mmarekani analipwa kiasi fulani bila kukwambia kodi ya chumba kule ni kiasi gani, anakuuzia ndoto.

Nne, mapato au matumizi? Nchi tajiri nyingi huuliza watu wanapata nini. Kwetu tafiti huuliza zaidi watu wanatumia nini, kwa sababu mkulima wa pamba hana hati ya mshahara. Vitu hivi viwili havifanani, maana mwenye nacho hatumii chote anachopata.

Tano, mwaka gani? Namba ya 2018 na namba ya 2023 ni wageni wasiofahamiana.

Na jambo la mwisho kwa wale wanaoanza kuiabudu mediani: nayo ina upofu wake. Inamwona mtu wa katikati tu. Watu 20 wa mwisho katika 100 wanaweza kuzama na mediani isitikisike. Kwa hiyo tukidai, tudai namba tatu kwa pamoja: wastani, mediani, na hali ya wale 20 wa mwisho. Chungu, sahani ya katikati, na sahani ya mwisho.

Kwa nini hatuambiwi

Hapa ndipo naacha kuwa mwalimu narudi kuwa mpinzani.

Pato la taifa linatangazwa kila robo mwaka. Ile tafiti ya kwenda majumbani, ambayo inaweza kukupa mediani, imefanyika 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Hesabu mwenyewe nafasi kati ya mmoja na mwingine. Chungu kinapimwa mara nne kwa mwaka. Sahani zinatazamwa baada ya miaka minne, sita, tisa. Wataniambia tafiti za kaya ni ghali. Kweli ni ghali. Misafara ya viongozi nayo ni ghali, na hatujawahi kusikia imesubiri miaka sita.

Na wanaouliza wamewahi kutishwa. Mwishoni mwa Oktoba 2017 Zitto Kabwe alikamatwa na polisi baada ya kuhoji takwimu za ukuaji wa uchumi. Septemba 2018 Bunge likabadilisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutoa takwimu za kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Adhabu: faini isiyopungua milioni 10, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia, haohao ambao orodha yao tulikuja kuishangilia miaka miwili baadaye, walisema wana wasiwasi mkubwa na sheria ile. Juni 2019 Bunge likairegeza. Lakini woga ulishapandwa, na mpaka leo ukimwambia mtu "tuhoji takwimu" anatazama nyuma yake kwanza.

Mtasema namba ni namba, zinamhusu nani? Zinakuhusu wewe. Kila kodi, kila tozo, kila mchango unapangwa na mtu aliyekaa ofisini akiwaza Mtanzania wa kawaida ana uwezo gani. Julai 2021 tulipoletewa tozo ya miamala ya simu, kwa mtu anayemwaza Mtanzania wa 207,000 kwa mwezi ile ilikuwa hela ndogo ya kujenga taifa. Kwa mama yangu, anayeuza dagaa sokoni na kupokea elfu kumi kumi kutoka kwa wanawe, ilikuwa chumvi na mafuta ya taa. Kelele zilikuwa nyingi mpaka wakapunguza. Walishangaa kelele zinatoka wapi. Zilitoka katikati ya mstari, mahali ambapo hawakuwahi kutazama.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Jambo jema, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kaya nyingi zisizo na ajira rasmi zinatakiwa kuchangia. Kiasi kilichopangwa kwa kumwangalia mtu wa wastani kitawaacha nje walewale ambao bima imetungwa kwa ajili yao. Ukitaka kujua kaya inaweza kutoa kiasi gani bila kuuza mbuzi, huna budi uijue kaya ya katikati na kaya za mwisho. Hapa mediani ni suala la mtoto kutibiwa au kurudishwa nyumbani na panado.

Na kuna Dira 2050. Julai 2025 ilizinduliwa Dodoma, na namba mbili zikabebwa na kila gazeti: uchumi wa dola trilioni moja, na kipato cha dola 7,000 kwa kila mtu. Gawanyeni wenyewe, ni watu kama milioni 143. Dira inataja pia kuondoa umaskini, sikatai. Lakini namba iliyowekwa kwenye bango ni ya wastani. Mwaka 2050 mimi nitakuwa naelekea uzeeni, na kwa kipimo hicho nchi inaweza kufaulu kwa dhahabu ya hapahapa Geita, gesi ya kusini na maghorofa ya Dar, na mtu wa katikati akabaki alipo. Guinea ya Ikweta walifaulu mtihani huohuo.

Kwa hiyo dai letu liwe moja, fupi, linaloweza kusemwa kijiweni. Kila waziri anapotangaza kipato cha wastani cha Mtanzania, atangaze na cha mtu wa katikati. Tafiti ya kaya ifanyike kila baada ya miaka miwili, na takwimu zake ghafi ziwe wazi kwa kila kijana mwenye kompyuta. Na Dira 2050 iandikwe lengo la mediani kwa shilingi, siyo kwa sifa. Chama chetu nacho kiliweke hilo kwenye ilani yake, na siku tukishika dola tuulizwe kwa kipimo hichohicho. Nalisema hili makusudi, kwa sababu utamu wa wastani hauchagui chama. Nasi tukiingia tutautamani.

Kazi ya kila mmoja wenu wiki hii ni ndogo. Ukikutana na chawa yeyote anayekupigia hesabu za uchumi wa kati, usitukane. Usiposti picha kama yangu. Muulize kwa upole tu: mtu wa katikati ana shilingi ngapi? Kisha nyamaza, msubiri.

Mimi Jumamosi narudi kijiweni. Yule kaka nina jibu lake. Nitamwambia hakuna mtu mmoja aliyekula ya kwake. Mgao wake ulihesabiwa kwenye karatasi, haukuwahi kupakuliwa. Na najua atakachoniuliza baada ya hapo, maana yule mtu hana swali la bure. Atauliza, "Sasa mwiko anashika nani?"